Heyer, Quinn au Jenkins: Uanze na Nani Kwenye Mapenzi ya Kale?

Binti ya kaka yangu, aliye mwaka wa pili chuoni, aliniandikia Jumapili usiku: "Shangazi, nimemaliza Bridgerton yote kwenye Netflix. Sasa nataka vitabu vya aina hiyo, lakini visiwe vya kunitoa machozi. Nianze na nani?" Nikamjibu kwa sauti. Dakika tisa. Akanirudia: "Shangazi, nakuheshimu sana, ila hiyo ni podikasti. Niandikie tu."

Haya, nimeandika. Na kwa kuwa si yeye peke yake anayeniuliza (kazini kwetu wapo watatu, mmoja wao mlinzi wa mlangoni, mzee mwenye wajukuu), naandika kwa wote.

Riwaya ninazozungumzia ni za mapenzi ya enzi za kale, na zenye kicheko. Mara nyingi ni Uingereza ya kati ya 1811 na 1820, Mfalme George wa Tatu alipozidiwa na maradhi ya akili na mwanawe akatawala kwa niaba yake. Kaimu mfalme kwa miaka tisa. Sisi wa nchi ya makaimu hatushangai. Wenyewe huiita enzi hiyo Regency, nami nitaiita hivyo hivyo. Ndani yake utamkuta msichana mwenye ulimi, mwanaume mwenye cheo au madeni au vyote viwili, shangazi mkali, farasi, mvua, na harusi mwishoni.

Hiyo harusi ndiyo wanaozidharau hizi riwaya huishikilia. "Si unajua wataoana?" Najua. Hata ukialikwa harusini unajua bibi harusi atasema ndiyo, na bado unashona nguo, unachanga, unapanda gari hadi Kitengela, na neno lenyewe likitoka unapiga vigelegele kama hukulitarajia. Hapa raha iko njiani. Mwandishi amekwisha kukuambia mtafika; kazi yake ni kukuchekesha mpaka usahau kuwa uliambiwa.

Wala wepesi wake si utupu. Chini ya mzaha kuna sheria ngumu. Kwa sheria ya 1753, kijana wa Uingereza asiyetimiza miaka 21 hakuweza kuoa wala kuolewa bila idhini ya wazazi, ndiyo maana wapenzi wa kwenye vitabu hivi kila mara wanatoroka usiku kwenda Gretna Green, kijiji cha kwanza ukivuka mpaka wa Scotland, ambako sheria ilikuwa nyingine. Na mpaka sheria za 1870 na 1882 zilipokuja, mwanamke akiolewa mali yake karibu yote iliingia mkononi mwa mumewe. Halafu mahari ilitoka upande wa msichana kwenda kwa mwanaume! Wazee wetu wa ruracio, wale wa kujadili mahari, wangeitisha kikao. Kwa hiyo msichana anapomjibu lodi kwa kejeli kwenye ukurasa wa 30, anachezea paa la nyumba atakayozeekea. Ni kama jina la kanga: juu kicheko, chini mshale.

Sasa tuwaweke waandishi wetu watatu kwenye mizani: Heyer, Quinn na Jenkins.

Heyer: kicheko kiko ndani ya sentensi

Georgette Heyer alizaliwa Wimbledon, London, mwaka 1902. Kitabu chake cha kwanza, The Black Moth, kilitoka 1921. Alikianza kama hadithi ya kumchangamsha mdogo wake wa kiume aliyekuwa mgonjwa. Mwaka 1935 akatoa Regency Buck, na kuanzia hapo enzi ile ikawa kama shamba lake. Wote waliokuja baadaye, Quinn wa Bridgerton akiwemo, wanalima pale alipofyeka yeye.

Kuna jambo wasomaji wengi wa huku hawalijui: huyu mama aliishi Tanganyika. Mumewe alikuwa mhandisi wa migodi, akaja kutafuta madini miaka ya 1920, naye akamfuata, wakakaa porini kwenye kibanda cha nyasi. Humo kibandani ndimo alimoandikia The Masqueraders, iliyotoka 1928: dada aliyejifanya mwanaume na kaka aliyejifanya mwanamke, wakaingia hivyo hivyo kwenye kumbi za London ya karne ya 18. Vitabu vyake vingi vya kurejelea havikuwapo karibu. Waliokuja kuichambua riwaya hiyo wakaona kosa moja tu la historia: White's, klabu ya mabwana wa London, aliifungua mwaka mmoja kabla ya wakati wake. Mwaka mmoja! Mimi siwezi kukuambia sinema ya mtaani kwetu ilifungwa lini, na nilikuwapo.

Umakini huo ndio raha yake na ndio kikwazo chake. Kicheko cha Heyer hakitegemei tukio. Kiko kwenye namna sentensi inavyoanza kwa adabu ikaishia kwa kofi. Na vijana wake wana sheng yao ya wakati ule, maneno ya farasi, ya ulevi, ya kukimbia wadai, wala hakuna kamusi nyuma. Kurasa 40 za kwanza utakuwa kama mgeni aliyeshushwa Kariobangi akaambiwa afuate maongezi ya makanga wawili wa matatu. Usikimbilie kutafuta kila neno kwenye simu, utachoka na utamchukia bure. Fanya ulivyofanya na sheng utotoni: tazama nani anacheka, maana itakuja yenyewe.

Anayetaka kumjaribu nampa Cotillion, ya 1953. Kitty Charing amelelewa na mzee bahili anayetangaza kuwa atamwachia mali yake yote, kwa sharti aolewe na mmoja wa vijana wa ukoo wake. Kitty ana jicho kwa Jack, mtanashati, na Jack hata kuja kuposa hakuja. Kwa hasira anambembeleza Freddy, mmoja wa vijana hao, ajifanye mchumba wake ili apate nafasi ya kwenda London. Freddy huyu si shujaa wa jalada la kitabu. Ubavu hana, hotuba hana. Anachojua ni nguo, adabu, na nani akaribishwe wapi. Akimpeleka Kitty kuona zile sanamu maarufu za marumaru kutoka Ugiriki, kinachomkera ni kwamba hazina vichwa. Nilicheka peke yangu mpaka mama wa nyumba ya pili akagonga ukuta. Halafu polepole, Heyer mwenyewe akiwa kimya kabisa, unagundua jambo ambalo kila mwanamke wa Nairobi analijua: mwanaume anayeweza kukupatia gari mvua ikipiga saa kumi na mbili jioni ni bora kuliko kumi wenye vifua.

Chumbani Heyer haingii. Busu, kama lipo, linakuja ukurasa wa mwisho, na baada ya kurasa 300 za kungoja linatosha.

Sitaki kumpamba. The Grand Sophy, ya 1950, inasifiwa kila mahali, na mwanzo wake kweli ni sherehe: Sophy anaingia kwa shangazi yake na tumbili, kasuku na mbwa. Lakini katikati kuna mkopeshaji Myahudi aliyechorwa kwa chuki isiyofichika, miaka mitano tu baada ya vita vilivyowaua Wayahudi mamilioni. Kicheko kilinikauka. Namaliza vitabu vyake vingine kwa furaha, hicho sikirudii. Na mapenzi yake hayana nafasi kwa mtumishi: anafungua mlango, anaondoka.

Quinn: nyumba yenye watoto wanane

Julia Quinn ni Mmarekani. Alisoma Harvard, akaanza udaktari Yale, akauacha baada ya muda mfupi ili aandike mapenzi. Mfikirie mzazi wa Kenya akipokea simu hiyo.

Bridgerton ni vitabu vinane, vilivyotoka kati ya 2000 na 2006, kimoja kwa kila mtoto, na watoto wamepewa majina kwa kufuata alfabeti: Anthony, Benedict, Colin, Daphne, Eloise, Francesca, Gregory, Hyacinth. Ukisahau nani mkubwa kwa nani, hesabu herufi. Tamthilia ya Netflix ilianza tarehe 25 Desemba 2020, na ndiyo iliyotuletea wateja wapya wote hawa, binti yetu akiwa mmojawapo.

Kicheko cha Quinn kiko kwenye maongezi. Kumsoma ni kama kufungua kikundi cha WhatsApp cha ukoo asubuhi ya Krismasi: mmoja anamchokoza mwingine, mama mtu anajifanya hasikii, mdogo wao anasema lile ambalo kila mtu alikuwa analificha. Katika vitabu vinne vya kwanza sura hufunguliwa kwa umbea wa Lady Whistledown, mwandishi wa gazeti asiyejulikana ni nani, na umbea ule unakusukuma mbele hata pale hadithi inapolegea. Inalegea, nisiseme uongo. Katikati ya kila kitabu kuna kurasa 50 hivi ambapo mwanaume anawaza tu kwa nini hafai kupendwa, na unatamani mama yake amwite akamtume dukani.

Kitabu chake bora ni cha pili, The Viscount Who Loved Me, cha Anthony na Kate. Kuna siku wanacheza mchezo wa kugonga mpira kwa nyundo ya mbao upite kwenye vyuma vilivyochomekwa nyasini. Familia nzima inaiba, kwa kanuni na utaratibu. Kate anainyakua nyundo nyeusi, ile wanayoiita nyundo ya mauti, na mpira wa Anthony anautia ziwani. Sijui tukio lingine la mapenzi ya kale linaloonyesha vizuri hivyo kwamba mtu huingia kwenye ndoa na ukoo mzima. Anthony anampenda Kate, sawa. Lakini kabla ya hapo ndugu zake ndio waliompenda, kwa sababu alikubali kucheza rafu kama wao.

Lugha ni nyepesi. Kiingereza cha kidato cha pili kinatosha. Chumbani mlango uko wazi, na Quinn hana haraka ya kutoka. Ukisomea kwenye matatu, angalia jirani yako asije akasoma nawe. Kwa binti wa darasa la nane sitampa. Wa chuo, ajichagulie.

Ila asianze na kitabu cha kwanza, The Duke and I, ingawa ndicho kila mtu hushika kwa sababu ni cha kwanza. Ndani yake Daphne anatumia ulevi wa mumewe kupata kile ambacho mume alikataa akiwa timamu. Kitabu kinapita hapo kama ugomvi mdogo wa wanandoa. Geuza, mweke mume mahali pa mke, uone kama utaweza kukisoma.

Na ajiandae kwa jambo jingine: watu wa kitabuni si wa kwenye kioo. Simon wa kitabuni, mume wa Daphne, ni Mzungu mwenye macho ya buluu. Kate wa kitabuni ni Sheffield, si Sharma. Rangi yote ile ya tamthilia ililetwa na watu wa televisheni. Mwenzangu mmoja kazini alisoma The Duke and I chote akimngoja Simon aliyemjua, akanirudishia kwa huzuni kama mtu aliyepelekewa pilau bila nyama.

Wakae meza moja

Chukua tafrija ya dansi, maana bila dansi hakuna Regency. London ilikuwa na kumbi za Almack's, dansi ikiwa Jumatano, na huwezi kuingia bila kibali kinachotolewa na kikundi kidogo cha mabibi wakubwa. Heyer atakupa sura nzima ya kibali: nani amenyimwa, kwa kosa gani, na nani atamsemea kwa nani. Ukifika ukumbini umechoka kwa kicheko na dansi yenyewe ni mistari sita. Quinn kibali hakimshughulishi. Yeye anakupeleka moja kwa moja kwenye ukumbi, anakuweka nyuma ya nguzo karibu na meza ya vinywaji, usikie nani amesema nini. Ukitaka kuielewa jamii ile ilivyofanya kazi, Heyer. Ukitaka kuwa mgeni mwalikwa, Quinn.

Pesa vilevile. Kwa Heyer unajua kila mtu ana pauni ngapi kwa mwaka, anadaiwa ngapi na fundi wa nguo, na farasi wake wamegharimu nini. Kwa Quinn pesa ipo tu, kama stima kwenye nyumba ya balozi. Na wote wawili wamejaza miji kwa madyuki, yaani wale makabaila wa juu kabisa baada ya ukoo wa mfalme, ambao kwa kweli walikuwa wachache kiasi cha kuhesabika kwa urahisi. Kwenye riwaya, ukitupa jiwe London linamwangukia mmoja, kijana, hajaoa, meno yote yapo.

Kisha kuna suala la mahali unaposomea, ambalo wachambuzi hawaligusi kwa sababu pengine hawapandi matatu za Jogoo Road. Mimi natoka Umoja kila asubuhi. Quinn anastahimili muziki, makanga, na mtu anayeuza dawa ya meno akisimama katikati ya gari. Sentensi zake fupi unaziacha Makadara na kuziokota Muthurwa. Heyer nilimjaribu njia hiyo hiyo wakati wa kurudi. Ukurasa mmoja, kutoka Muthurwa hadi Donholm, nikausoma mara nne, na mzaha nikauelewa nikiwa jikoni nachambua mchele. Yeye anataka utulivu. Vitabu vyake vya kwanza nilivisomea maktaba ya McMillan, pale Mtaa wa Banda penye wale simba wawili wa mawe.

Na hapo ndipo nilipoanza kuwashwa. Jengo lile lilifunguliwa 1931, na kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma. Mimi hapa, nimekaa humo ndani, namcheka Freddy na sanamu zake. Nikafunga kitabu kidogo. Sukari iliyotiwa kwenye chai ya mabibi wale, London ya 1815, ililimwa na watumwa wa Karibea; biashara ya watumwa Waingereza waliipiga marufuku 1807, lakini utumwa wenyewe kwenye makoloni yao haukufutwa kwa sheria mpaka 1833. Heyer kimya. Quinn kimya. Siwadai hotuba, kitabu cha kuchekesha si mahakama. Nilitaka tu mtu mmoja aweze kuchekesha huku akijua sukari imetoka wapi.

Jenkins: ukitaka kumwona babu yako naye akipendwa

Beverly Jenkins ni Mmarekani mweusi, mzaliwa wa Detroit. Riwaya yake ya kwanza, Night Song, ilitoka 1994: mwalimu mwanamke kwenye mji wa watu weusi huko Kansas, na mwanajeshi wa kikosi cha farasi. Indigo, ya 1996, inafuata Hester, anayewaficha watumwa watoro huko Michigan. Mikono yake imebaki na rangi ya mnili tangu utumwa alipokuwa mtoto. Hiyo ni nzuri mno, lakini binti alisema hataki kulia, basi isubiri.

Mwenye kutaka kucheka achukue Tempest, ya 2018. Regan Carmichael anasafiri kwenda Wyoming kuolewa na daktari waliyeandikiana barua tu. Njiani wanavamiwa, anafyatua bunduki, na anayempiga risasi akidhani ni mhalifu ni bwana harusi mwenyewe. Ndoa inaanzia kwenye jeraha. Yeye anaongea sana na anacheka kwa sauti; bwana ni mjane mkavu kama mkaa, mwenye mtoto mdogo. Mahali penyewe pana historia yake: Wyoming iliwapa wanawake haki ya kupiga kura mwaka 1869, karibu miaka 50 kabla ya Uingereza ya akina Bridgerton.

Kicheko cha Jenkins ni cha jamaa waliokaa barazani baada ya kazi. Hakina makali ya Heyer wala kasi ya Quinn. Wakati mwingine anasimamisha hadithi akupe somo, na utalihisi somo linakuja kama unavyomhisi mwalimu akikaribia dirisha la darasa. Lakini mwisho wa kitabu huorodhesha vitabu vya historia alivyovitumia, na mimi kupitia kwake nimejua miji ambayo hakuna mwalimu wangu aliyewahi kuitaja. Chumbani, mlango wazi, kwa upole zaidi kuliko Quinn. Tatizo kubwa ni kumpata: kwenye meza za vitabu kuukuu hapa mjini nimemkuta mara mbili katika miaka sita.

Na sisi je?

Utauliza, huku kwetu hakuna? Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, ya 1999, ina mapenzi na ina historia, Zanzibar ya ukoloni, Yasmin aliyeozwa kwa mzee Raza kisha akaanguka kwa Denge. Kiswahili chake ni asali. Lakini nyepesi si nyepesi. Kuna polisi, kuna jela.

Riwaya ya kihistoria ya kuchekesha kwa Kiswahili sijaikuta, nami naona ni uvivu tu, maana mali tunayo. Miaka ya 1920 miji ya pwani na bara ilikuwa na vyama vya ngoma ya beni, Marini na Arinoti, vyenye sare, bendi, ushindani wa kufa na kupona, na viongozi waliojipa vyeo vya kifalme vya Kizungu. Madyuki wetu wenyewe! Binti wa Marini akimpenda kijana wa Arinoti, mashangazi wa pande zote mbili wakiwa na mafumbo ya kanga mgongoni. Mtu aandike, nitanunua nakala tano.

Unavipata wapi

Kwa wale wanaosoma haraka: wapo wengine. Tessa Dare anachekesha kuliko Quinn, na kwenye The Duchess Deal ya 2017 mshonaji anaolewa na dyuki mwenye makovu anayetukana kwa matusi ya Shakespeare; nampendekeza kwa aliyemmaliza Quinn, si kabla. Barbara Cartland utamkuta kwenye kila meza ya vitabu kuukuu kwa sababu aliandika zaidi ya 700. Ukisoma viwili umesoma vyote, na cha pili si lazima.

Vitabu kuukuu ni pale unapoinama. Tunaziita duka za inama kwa sababu hiyo, magunia yametandikwa kando ya njia na vitabu juu yake. Muuzaji wangu wa Mtaa wa Tom Mboya ana bei mbili. "Madam, za mapenzi mia, za motivesheni mia mbili."

"Kwa nini mapenzi bei ya chini, boss?"

"Mapenzi yanarudi, madam. Mtu akimaliza analeta, anachukua ingine. Hizi za kutajirika, mtu hubaki nayo tu, anangoja."

Heyer kwake anapatikana, jalada limechanika, harufu ya stoo. Quinn yuko kwenye maduka makubwa ya vitabu akiwa mpya, na bei yake inauma. Zile faili za bure zinazosambazwa kwa simu zenye vitabu vya Quinn na Jenkins ni za wizi. Waandishi hao wako hai na hiyo ndiyo kazi yao. Heyer ni habari nyingine: sheria ya Kenya hulinda maandishi kwa miaka 50 baada ya mwaka ambao mtunzi alifariki, naye alifariki 1974, kwa hiyo tangu mwanzo wa 2025 hapa kwetu yuko huru. The Black Moth ipo kwenye tovuti ya Project Gutenberg bila malipo. Ni kazi ya msichana asiyetimiza miaka 20 na inaonekana, ila ukitaka kuonja bila kutoa mia, onja hapo.

Mwanangu, wewe kwa vile unasomea kwenye gari na unataka kelele za nyumbani, wako ni Quinn. Njoo Jumamosi. The Viscount kipo rafu ya chini, kando ya pasi, na ukirudishe bila mafuta ya chapati safari hii. Tempest ninayo kwenye simu, niliilipia, kwa hiyo simu yangu utashika mbele ya macho yangu. Cotillion haitoki nyumbani. Ukiitaka, isomee hapa kwangu. Maharagwe nitakuwa nimeshachemsha.